Miguu Niliyoikata

Nyinyi vijana mnaonijia hapa na simu zenu mkitaka niwaonyeshe kazi ya fremu, kabla sijawapa kisu mjue jambo moja: mimi ni mtu wa wivu. Sikuupata uzeeni. Nilikuwa nao tangu nikiwa na meno yote. Wazee wengine wakisimulia kazi zao husema walikuwa waaminifu na wavumilivu. Mimi kanisani naenda, lakini hayo mengine nawaachia wao.

Sasa, kioo. Hapa Nyeri baridi ya Julai inaweza kukukosesha kazi ya wiki nzima. Kioo kikilala kwenye baridi kinakuwa na hasira, ukikigusa na kikatio kinapasuka mahali kinapotaka chenyewe. Kiweke kwanza juani, au karibu na jiko, kipate joto la mkono. Chovya kikatio kwenye mafuta ya taa. Piga mstari mmoja tu, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kurudia. Anayerudia mstari ni mtu asiyejiamini, na kioo kinamjua.

Jina langu ni Kanyi. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa na kibanda nyuma ya soko, tukigawana ukuta na mshona nguo. Kila fremu iliyotoka kwangu niliipiga muhuri nyuma, wino wa bluu: KANYI, NYERI. Sikuandika kazi yangu ni ipi kwa sababu mji mzima uliijua. Ukumbukeni huo muhuri, maana ndio ulionitia taabuni.

Kazi iliyonilisha haikuwa picha za harusi. Ilikuwa picha ya kiongozi wa nchi. Kila duka, kila hoteli, kila kinyozi alitakiwa aitundike, na iwe juu kuliko kitu kingine chochote ukutani. Kulikuwa na mwenye bucha mmoja Karatina ambaye kuta zake zilikuwa za vigae, hakuna pa kupigia msumari, akaona ajisaidie na ndoano. Walipokuja wakaguzi wakamkuta kiongozi amening'inia katikati ya mbuzi wawili. Wakamwuliza anamaanisha nini. Akasema hamaanishi chochote, yeye anauza nyama. Siku iliyofuata alikuja kwangu na picha imejaa mafuta, akitaka fremu ya kusimama kaunta. Nilimtengenezea huku nikijizuia kucheka.

Na yule wa kwanza alipofariki akaja mwingine, watu waliniletea fremu zao nibadilishe. Picha ya zamani niitupe wapi? Nani angethubutu kuonekana akimtupa marehemu kwenye takataka? Nilifungua nyuma, nikaweka mpya mbele ya ya zamani, nikafunga. Ukipata fremu ya zamani yenye muhuri wangu, ifungue, utawakuta wote wawili.

Lakini nilitaka kuwaeleza juu ya Gichohi.

Gichohi alitoka Endarasha, na tulijifunza kazi pamoja kwa Mzee Gakuru, seremala aliyekuwa amefundishwa na Mzungu na kumshinda. Mimi nilikuwa fundi hodari, na siwaambii haya kwa majivuno. Pembe zangu za fremu zilikutana hata ukipitisha ukucha husikii kitu. Pembe za Gichohi ungeweza kuzipitishia kidole. Alipima mara moja, akakata vibaya, akacheka, akajaza ufa na vumbi la mbao na gundi. Kama ni kazi peke yake, Mzee Gakuru angemfukuza wiki ya kwanza.

Siku moja Gichohi alichukua penseli ya seremala akachora kwenye ubao wa sipresi, wakati tulipokuwa tunangoja gundi ishike. Alimchora Mzee Gakuru mwenyewe, ameinama kutafuta msumari ambao ameubana mdomoni. Mzee alifika na kikombe chake cha chai, akasimama mbele ya ubao ule. Alisimama hadi chai ikapoa, akaimwaga nje, akaenda kujaza nyingine. Kwa fremu zangu, chai ya mzee haikuwahi kupoa. Hapo ndipo wivu uliponiingia, na siku ya kunitoka bado siijui.

Mimi pia nilichora. Hamkujua hilo. Nilichora Mlima Kenya, vile vilele na theluji, na mbele yake mti mmoja na pundamilia wawili. Wageni walikuwa wananunua hotelini. Niliuchora mlima mara nyingi hata siku wenyewe ulipotoka mawinguni niliona kama umekosea kilele.

Gichohi alichora watu. Alichukua magunia ya kitambaa ya unga wa ngano, mkewe Mama Njeri akayafua, yeye akayapaka gundi na kuchora kwa rangi zilizobaki kwenye mikebe ya watu waliopaka nyumba. Picha zake zilitundikwa kwenye baa na hoteli, kuanzia Karatina mpaka Kerugoya na Wang'uru. Kulikuwa na ile ya msimamizi akipima kahawa ya wakulima huku goti lake limeinua mizani kwa chini. Kulikuwa na ya ng'ombe aliyevaa kofia ya kizungu akila mahindi, na mlinzi wa shamba akimfukuzia inzi. Watu walikaa mbele ya picha zile na chupa zao wakitajiana majina kwa sauti ya chini. Mbele ya mlima wangu hakuna aliyewahi kumtajia mwenzake jina la mtu.

Mzee Gakuru aliniambia wakati mmoja, nadhani alitaka kunituliza, "Kanyi, wewe mkono yako imenyooka. Hiyo ndio kitu Mungu alikupa. Huyo mwingine alipewa macho mbaya, anaona kila kitu."

Niliyataka macho mabaya.

Sasa, darasa la pili. Mbao hukatwa. Kadi hukatwa. Kitambaa hakikatwi. Mzee Gakuru alitufundisha hivyo na alitupiga vidole kwa rula ili tusisahau. Kitambaa kikizidi fremu unakikunja nyuma, unakishika kwa misumari midogo, unafunika na kadi. Akija mwingine baada ya miaka hamsini atakunjua na kukuta kila kitu kipo. Hata rangi ikipasuka kidogo kwenye mkunjo, afadhali mpasuko. Ukikata umekata.

Mnakumbuka kusoma habari za mwaka ule tulipopiga kura kwa kupanga mstari nyuma ya mtu? Mimi nilipanga. Kwetu kulikuwa na mstari mrefu uliozunguka uwanja na mstari mfupi, na jioni tuliambiwa mfupi ndio mrefu. Tulikwenda nyumbani kimya. Gichohi hakwenda kimya. Alikwenda Endarasha akachukua gunia kubwa kuliko yote. Alichora mstari mrefu nyuma ya mtu mwembamba mwenye koti la mtumba, na mstari mfupi nyuma ya mnene, na karani katikati ameinua juu mkono wa mnene. Hayo kila mtu angeweza kuyachora. Kichekesho kilikuwa chini. Wale wa mstari mfupi walikuwa wamefungwa kamba miguuni, kifundo kwa kifundo, na mwisho wa kamba ulikuwa umekanyagwa na kiatu cha karani. Ukishaona miguu ile huwezi tena kuwachukia watu wa mstari mfupi. Pembeni ya kiatu, kwa herufi ndogo, aliandika jina lake. Picha zake zote alizitia jina hapo hapo, chini kwenye miguu.

Ilitundikwa Wang'uru kwenye baa ya wafanyabiashara wa mchele. Haikukaa sana. Askari walimchukua Gichohi asubuhi shambani kwake akiwa na jembe mkononi, na kwa miezi mingi Mama Njeri hakujua yuko wapi. Kisha mkubwa mmoja wa serikali, nitamwita Mkubwa tu kwa sababu watoto wake wako hai na hawakunikosea, akaanza kuzunguka na lori akikusanya picha mbaya. Picha mbaya maana yake picha za Gichohi.

Alikuja kibandani kwangu na karani wake. Nilikuwa na mbili za Gichohi zilizokuwa zinangoja fremu, na milima yangu minne ilikuwa ukutani.

"Hii ni ya nani?"

"Ni ya Gichohi, mkubwa."

"Na hii?"

"Hiyo pia."

Karani akaandika, akazishusha. Walikuwa wameshageuka kwenda. Nami, na hili nalisema mbele yenu nikiwa na akili zangu timamu, nikasikia mdomo wangu ukiuliza, "Na hizi zangu?"

Mkubwa alirudi. Akaziangalia zote nne, moja baada ya nyingine. Nilisimama wima kama mtu anayepimwa suti.

"Hii si ni Mlima Kenya?"

"Ndiyo, mkubwa."

"Hii haina shida. Wacha ikae." Akamwambia karani, "Huyu ni mtu mzuri."

Nyinyi mngeshukuru Mungu. Mke wangu alishukuru. Mimi niliketi kwenye benchi langu nikaona aibu ambayo sikuwahi kuiona hata siku ya kuoa. Miaka yote ile ya kuchora, na serikali nzima imekagua mkono wangu ikaona hakuna kitu cha kuogopa. Nilimwonea wivu Gichohi hata kwa kushikwa. Mkisikia ni wazimu, ni wazimu, lakini nilikuwa nao.

Wiki hiyo hiyo waliwasha moto uwanjani wa kuchoma picha zile, mchana, watu wakaitwa waone. Nilikwenda. Niliona fremu zikiungua, baadhi nilizitengeneza mimi, sipresi inajulikana kwa harufu yake. Mama Njeri alikuwepo. Watu walipotawanyika yeye alibaki, akasubiri majivu yapoe, akayapekua kwa kijiti. Hakupata kitu. Akanisalimia, "Baba Nyambura, umeona?" Nikamwambia pole.

Haikupita mwezi, dereva wa Mkubwa akafika kibandani na blanketi kwenye buti ya gari. Ndani kulikuwa na magunia sita ya unga yaliyokunjwa vizuri. Msimamizi wa kahawa. Ng'ombe mwenye kofia. Mstari mrefu na mstari mfupi. Hayakuwa na hata doa la moshi. Walichoma fremu na kalenda za zamani, picha zenyewe Mkubwa akaziweka. Pamoja nazo dereva alileta fremu sita za mahogani zenye vioo vyake, alizozikuta Mkubwa kwenye nyumba ya shamba aliyoichukua kwa Mzungu. Zilikuwa na picha za Wazungu wakikimbiza mnyama mdogo kwa farasi.

"Anasema toa hizo za farasi uweke hizi," dereva alisema. "Ni za sitting room, za kucheka na wageni. Na ati mdomo yako ikae imefungwa."

Kwa hiyo hata mwizi alizipenda. Alizielewa zote, akacheka, akazitamani, akaona afadhali aibe kuliko kuzichoma. Nilizitandaza moja baada ya nyingine juu ya meza yangu. Fremu zilikuwa saizi moja, na kila picha ilizidi kwa inchi nne au zaidi. Kazi ya kukunja. Ningekunja juu, kwenye anga, ambako hakuna kitu, na hakuna mtu angejua.

Nilichukua kisu. Niliweka rula chini, juu tu ya vifundo vya miguu, nikakata. Mstari mmoja, bila kurudia. Nikafanya hivyo zote sita. Miguu yote ikatoka, na kamba, na kiatu cha karani, na jina la Gichohi mara sita. Kisha nikafunga kadi nyuma, nikapiga muhuri wangu kama nilivyozoea: KANYI, NYERI.

Ningewaambia ilikuwa woga, mngenisamehe. Woga ulikuwepo, ndiyo. Lakini hakuna aliyenituma kukata. Mkubwa alipokuja kuzichukua mwenyewe alipiga mluzi. "Jina umetoa. Hata sikukuambia. Wewe ni mtu mzuri sana." Mara ya pili hiyo.

Vile vipande vya kitambaa sikuvitupa. Fundi hatupi vipande, mnaona wenyewe kibanda hiki kilivyojaa. Niliviviringisha nikavitia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, nikauweka juu ya rafu nyuma ya gundi.

Gichohi aliachiliwa akiwa amekonda, anachechemea. Endarasha walimchinjia mbuzi. Nilialikwa, nikaenda, nikala, nikaona watu wakipanga foleni kumshika mkono, nikaweka nyama chini. Siku chache baadaye alipita kibandani. Aliketi kwenye benchi hilo hilo unaloketi wewe mwenye jaketi jekundu.

"Kanyi, nasikia walichoma zote."

Mkebe ulikuwa juu ya kichwa chake. Ningenyoosha mkono tu.

"Zote," nikasema.

"Uliona na macho yako?"

"Niliona."

Alitikisa kichwa polepole. "Basi mimi nimemaliza. Siwezi kuchora kitu ya kuchomwa. Nitapanda waru."

Na akapanda viazi. Hakushika tena brashi. Nitawaambia ukweli wote kwa kuwa nimeuanza: alipotoka mlangoni nilisikia nafuu. Nilifikiri sasa mlima wangu utapata nafasi ya kupumua. Nilinunua rangi mpya. Nilichora milima miaka mingine mingi, na hakuna hata mmoja uliopoza chai ya mtu.

Miaka mingi ilipita. Mkubwa akafa, na kabla yake serikali zilikuwa zimebadilika. Fremu za mbao zikaanza kushindwa na za plastiki kutoka nje, ambazo pembe zake hata Gichohi angezionea haya. Nikafunga kibanda, nikabaki na hiki cha nyumbani, na mkebe nikauhamishia humu. Kisha mwaka juzi akaja binti mmoja, Wairimu, mwalimu wa sanaa hapa mjini. Familia ya Mkubwa ilikuwa imesafisha nyumba ya shamba ikampa picha sita. Aliingia akiwa ameshika simu mbele yake, na ndani ya simu kulikuwa na muhuri wangu wa bluu.

"Guka," akaniita babu kwa Kikuyu, "Kanyi wa Nyeri ni wewe?"

"Ni mimi."

"Jina yako iko nyuma ya zote sita." Macho yake yalijaa machozi. "Tumetafuta huyu msanii mwaka mzima. Tunataka kuzionyesha kwa hall, na tuandike jina yako kubwa."

Nilipaswa kufungua mdomo. Nilifungua, nikasema, "Karibu chai."

Kwa siku nane nilikuwa msanii. Sijawahi kuishi vizuri hivyo. Wairimu alileta wanafunzi wake, wakakaa kwenye nyasi, wakaniuliza, nikawajibu. Niliwadanganya kwamba nilikuwa Wang'uru siku ile ya mstari. Niliwaambia rangi nilizitoa wapi na magunia yalifuliwaje, na nililijua hilo kweli, kwa sababu nilikuwa nimeliangalia kwa wivu miaka kumi na tano. Sokoni watu walianza kuniita msanii. Mke wangu, ambaye anajua kila kitu changu ila mkebe, aliniangalia na kuniuliza kama nina homa.

Siku ya nane mwanafunzi mmoja, msichana mwenye miwani, akasimama.

"Guka, tuko na swali moja. Watu wako wote hawana miguu. Karani hana, wale wa line hawana, hata ng'ombe hana. Sisi tumeandika ati ulikuwa unasema hii nchi watu hawana mahali pa kusimama. Ni ukweli?"

"Ndio kitu imetushinda kusahau," Wairimu akasema. "Hiyo cut. Ni genius, guka."

Wengine wakapiga makofi. Nami niliketi pale kwenye kiti cha plastiki. Katika picha zile sita, kitu pekee kilichokuwa changu kilikuwa ule mkato. Nilikuwa nimengoja maisha yangu yote mtu asimame mbele ya kazi ya mkono wangu asahau chai yake. Sasa wamesimama, na wanachosifu ni kisu. Na chini ya kisu, mita tatu kutoka walipoketi, ndani ya mkebe, kulikuwa na miguu iliyosema jambo kubwa kuliko yote waliyoyaandika.

Niliwaambia nimechoka. Asubuhi nikauweka mkebe kwenye mfuko wa sukari nikapanda gari la Endarasha.

Gichohi alikuwa nyuma ya nyumba akichagua viazi vya mbegu. Mama Njeri alishatangulia mbele za haki miaka mitatu iliyopita, hakuwahi kujua. Gichohi aliniona, akainuka kwa kushikilia goti.

"Baba Nyambura. Umepotea."

"Nimekuletea kitu yako."

Niliitoa miguu mmoja mmoja kwenye meza ya nje. Vipande vilikuwa vimejikunja kwa miaka, havikutaka kulala. Gichohi alichukua viazi akaviweka kwenye ncha za kila kipande kuvigandamiza. Rangi ilikuwa imepasuka hapa na pale. Alipofika kwenye kamba na kiatu cha karani, akapitisha kidole juu ya jina lake.

"Hizi hazikuchomwa."

"Hata hizo zingine. Ziko mjini. Zote sita."

Nikamweleza. Blanketi, farasi, rula, kisu. Sikuacha hata siku nane za mwisho. Alinisikiliza akiangalia miguu, si mimi.

"Ilikuwa kitambaa," akasema mwishowe. "Kwa nini hukukunja?"

Angeniuliza kwa nini nilimdanganya, au kwa nini nilimwacha Mama Njeri apekue majivu, ningekuwa na maneno. Alikuwa ameuliza swali la kazi.

"Nilikuwa na wivu."

"Wivu ya nini? Mimi nilikuwa naoza ndani."

"Hata hiyo."

Kuku walikuja wakatuzunguka wakaenda.

"Na imeisha, hiyo wivu?"

Niliangalia miguu ile midogo iliyofungwa kamba, iliyochorwa kwa rangi ya kupaka nyumba na mtu asiyejua kukata pembe. "Bado," nikasema.

"Ungesema imeisha ningekufukuza na hii jembe." Akaketi. "Miaka thelathini, Kanyi. Ningechora ngapi?"

Nyinyi mkinisifu kwa unyoofu wa mkono wangu, mkumbuke hesabu hiyo.

Wairimu alipojua, alilia kwa njia nyingine, kisha akanikasirikia, na alikuwa na haki. Alitaka nishone vipande mahali pake, mimi mwenyewe, kwa uzi mwembamba hadi isijulikane. Ningeweza. Gichohi akakataa.

"Asishone. Wacha ikae mbali kidogo, vidole mbili. Watu waone mahali kisu ilipita."

Kwa hiyo nilitengeneza fremu sita mpya za mbao za podo, ndefu zaidi, kazi yangu ya mwisho kubwa, na ndani yake nikaweka picha juu na miguu chini, na kati yao nikaacha nafasi ya vidole viwili, nyeupe. Pembe zilikutana. Nilipitisha ukucha sikusikia kitu. Jina la Gichohi likabaki lilipokuwa, kando ya kiatu, na nje ya fremu likaandikwa kubwa.

Siku ya kufungua, ukumbi ulijaa. Gichohi alikuja na koti lake la kanisani, akachechemea kutoka picha hadi picha, na umati nyuma yake ukiinama kila mara kuangalia miguu. Watu walikuwa wameshika vikombe vya chai ya bure. Niliviangalia vile vikombe. Hakuna aliyekuwa anakunywa.

Hakuna aliyeangalia pembe zangu pia, na niliumia, nawaambia, niliumia nikiwa na miaka sabini na tano kama nilivyoumia nikiwa na ishirini. Nilisimama karibu na mlango nishike njia. Yule msichana mwenye miwani akanifuata. Nilidhani amekuja kunitukana.

"Guka," akaniuliza, "kwa hii yote, ni gani ni yako?"

Nilimrudisha hadi mbele ya ile ya mistari miwili. Juu kulikuwa na watu, chini kulikuwa na miguu yao na kamba. Nikamwonyesha kwa kidole ile nafasi nyeupe katikati, iliyonyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kurudiwa.

"Hiyo," nikamwambia. "Hiyo ni yangu."